Mashine ya Korona Ilikuja, Kamba Ikabaki Ulaya: Mkonge na Viwanda vya Mkoloni Tanganyika

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie viwanda katika nchi ya wakulima chini ya mkoloni, nami sitazunguka dunia nzima; nitabaki kwenye mkonge. Tumezoea kusikia kwamba mkoloni hakujenga viwanda Tanganyika. Si kweli. Alijenga, tena huko huko porini. La kujiuliza ni kwa nini alivijenga pale, na kwa nini vyote viliishia hatua ileile.

Mkonge si zao la asili yetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ya Tanga ulianza, na mashamba yakawa yanaifuata kadiri ilivyosogea kuelekea Korogwe, Mombo, hadi Moshi mwaka 1911.

Sasa litazameni jani lenyewe. Ni zito, limejaa maji. Katika kilo 100 za majani unapata katani, yaani nyuzi zake, kama kilo 4. Zinazobaki ni maji na makapi. Nani atapakia makapi melini kuyapeleka Hamburg? Tena jani likishakatwa halingoji: likinyauka, kulichakata kunakuwa taabu na katani inaharibika. Basi kiwanda hakikuwa na budi kuufuata mkonge shambani.

Ndiyo maana kila shamba kubwa lilikuwa na korona yake, yaani mashine ya kuchakata majani ya mkonge. Toroli zinaleta majani kwa reli ndogo, yanapangwa kwenye mashine, magurudumu yenye visu butu yanayaponda na kuyakwangua huku maji yakimwagika mfululizo. Kwanza nusu moja ya jani, kisha nusu ya pili. Singa zinatoka mbichi, zinaanikwa juani kwenye nyaya, zinapigwa brashi, zinashindiliwa marobota. Maji machafu yanaelekea mtoni, na ile harufu, waliokulia Muheza hawahitaji kusimuliwa. Hapo pana injini, fundi, karakana. Ukisimama bandani ungeapa uko katika nchi ya viwanda.

Robota likishafungwa, safari ya bandarini. Kamba za kufungia ngano zilisokotwa Ulaya na Marekani, na faida ikabaki huko.

Kuna waliojaribu kuendelea mbele. Miaka ya 1930 kiwanda cha kamba kilifunguliwa hapo hapo Tanga, kikaanza kuuza Uingereza kwa bei nafuu. Wasokota kamba wa Uingereza wakaja juu, wakaibana Wizara ya Makoloni, na kiwanda kikabanwa kipandishe bei ilingane na ya kwao. Bei zikilingana, nani atahangaika kuagiza kamba Tanga? Kabla ya Vita Kuu ya Pili kilikuwa kimeshafungwa. Mimi huwa nawaambia wanafunzi wangu wakiache kando kile kisingizio cha utaalamu au mtaji; hapa utaalamu ulikuwepo, mtaji ulikuwepo, na kamba zilikuwa zinanunuliwa.

Pamba ya Usukuma ilipita njia hiyohiyo, sitakaa nayo sana: mbegu ni nzito kuliko nyuzi, kwa hiyo vinu vya kuchambua pamba vilijengwa Kanda ya Ziwa, na vya kufuma nguo havikujengwa.

Upande wa wafanyakazi ndio unaoniuma zaidi. Manamba, yaani vibarua walioletwa kwa mkataba, walitoka mbali: Waha wa Kigoma, Wabena, Wamakonde, Warundi. Kigoma haikukosa mazao ya biashara kwa sababu ya udongo. Serikali haikuwa na haraka ya kuyapeleka huko, maana Muha mwenye kahawa yake angekwenda Tanga kufuata nini? Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilipatikana kwenye mkonge. Mkataji alihesabiwa kwa mizigo ya majani 30, na kipande chake, yaani kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, alitakiwa akimalize ndani ya siku 42. Mtu anayesubiri kurudi kwao, mshahara kidogo, hajifunzi ufundi wa korona wala hawi mnunuzi wa bidhaa za kiwanda chochote. Kilimo chake kule nyumbani, kilichobaki mikononi mwa mkewe, ndicho kilichomlea mtoto na kumpokea yeye akiugua. Shamba la mkonge halikulipia hayo hata senti moja.

Uhuru ulipofika mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa kuuza katani, nayo iliuzwa ikiwa marobota. Nikomee hapa, maana namwona mzee pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja kipande. Karibu, mzee wangu.