Kiporo Hakisafishwi na Moto

MUSA: Karibuni jikoni, wapenzi wasikilizaji. Dada Zuhura, nianze na kauli ambayo kila nyumba inayo: kiporo kikichemka vizuri, hakina neno.

ZUHURA: Kina neno, kaka Musa. Tuseme wali. Kwenye mchele mkavu mara nyingi hukaa bakteria aitwaye Bacillus cereus. Huyu hujifungia ndani ya gamba gumu, spora, na gamba hilo linastahimili maji yanayochemka. Ukiula wali wenyewe wa moto, mara tu umeiva, hudhuriki. Balaa ni ule uliobaki ukilala sufuriani, umefunikwa, unapoa taratibu. Spora zinaamka, bakteria wanazaana, na baadhi yao wanatoa sumu isiyovunjwa na moto wa jiko lolote la nyumbani.

MUSA: Kwa hiyo asubuhi nikiupasha mpaka ufuke mvuke...

ZUHURA: Bakteria umewaua. Sumu umeila.

MUSA: Loo! Na kutapika kunaanza baada ya muda gani?

ZUHURA: Kati ya nusu saa na saa 6 hivi baada ya kula. Wengi hupona ndani ya siku moja, ndiyo maana tunasema "tumbo tu" na maisha yanaendelea. Tena si wali peke yake. Yupo bakteria mwingine, Staphylococcus aureus, anayeishi puani na kwenye ngozi zetu. Mpishi mwenye kidonda mkononi anamhamishia kwenye chakula, naye ana sumu ya namna hiyohiyo, haiogopi moto.

MUSA: Lakini mtu si ananusa kwanza? Kama hakijachacha...

ZUHURA: Hapo ndipo tunapodanganyika. Bakteria wanaoharibu harufu na ladha kwa kawaida si wale wanaoleta maradhi. Chakula kinaweza kunukia vizuri kabisa kikakulaza.

MUSA: Basi tuangalie nini?

ZUHURA: Saa ya ukutani. Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni tano za chakula salama mwaka 2001, na ningeambiwa nichague moja ningechukua hii: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya muda wa saa 2. Kati ya nyuzi joto 5 na 60 bakteria wanastarehe. Wapo wanaojigawa kila dakika 20 wakipata mazingira mazuri. Piga hesabu: mmoja, baada ya saa 7, ni zaidi ya milioni 2.

MUSA: Wengine wanasubiri kipoe kabisa kwanza, ati cha moto kinaharibu friji.

ZUHURA: Sufuria zima la moto litaipasha friji na vilivyomo, ni kweli. Kwa hiyo usiingize sufuria. Gawa kwenye vyombo bapa, kina kisizidi vidole vitatu, acha mvuke upungue, ingiza. Friji iwe nyuzi 5 kushuka chini. Na siku ya kula, pasha mara moja tu, kile utakachokimaliza, mpaka katikati kifike nyuzi 70.

MUSA: Asiye na friji je?

ZUHURA: Apike kinachotosha mlo mmoja. Hilo ni jibu lisilopendeza, lakini ndilo. Au chakula kibaki motoni, juu ya nyuzi 60, mpaka wa mwisho ale. Kukausha na kutia chumvi kunafaa pia, kwa sababu bakteria bila maji hawazaani. Ila kikilowa tena, hesabu ya saa 2 inaanza upya.

MUSA: Nyama mbichi ikitoka friza?

ZUHURA: Iyeyukie ndani ya friji, kwenye bakuli, rafu ya chini, isije ikadondoshea maji saladi. Barafu haiui bakteria, inawalaza tu. Na kuku, jamani, msimwoshe.

MUSA: Eh! Hapo utagombana na watu, dada.

ZUHURA: Nigombane. Maji ya bomba yakimpiga kuku mbichi yanarusha bakteria kwenye sinki, vyombo, nguo. Moto utamsafisha kuliko bomba. Osha mikono, kisu na ubao wa kukatia kwa sabuni.

MUSA: Kuna swali la msikilizaji: vitunguu saumu vibichi kwenye chupa ya mafuta, vinakaa muda gani nje?

ZUHURA: Visikae nje kabisa. Mafuta yanaziba hewa, na bila hewa huamka Clostridium botulinum, mwenye spora vilevile. Sumu yake inalegeza misuli: macho yanaona ukungu, kumeza kunakuwa kugumu, mwisho pumzi. Ukiona dalili hizo, hospitali saa hiyohiyo. Weka friji, tumia ndani ya siku chache, kinachobaki mwaga.

MUSA: Na la mwisho, mama mmoja anauliza kama asali ni dawa nzuri ya kikohozi kwa mtoto wa miezi minane.

ZUHURA: Asimpe. Spora hizohizo huweza kuwemo kwenye asali. Sisi wakubwa zinapita tu, lakini utumbo wa mtoto aliye chini ya mwaka 1 bado haujaweza kuzizuia zisiote. Hata kijiko kimoja, mama, subiri.