Muda Unaopotelea Kwenye Makutano

Wanataaluma wenzangu, modeli nyingi za usafiri huhesabu vizuri muda wa gari likiwa barabarani, kisha hulivusha makutano kana kwamba hakuna taa wala foleni. Tuone kosa hilo ni kubwa kiasi gani.

Chukueni kipande cha barabara cha mita 300. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari hukimaliza kwa sekunde 22 hivi. Mbele kuna taa zenye mzunguko wa sekunde 90, kijani sekunde 30. Njia ambayo ingepitisha magari 1,800 kwa saa kama kijani kisingezimika, sasa hupitisha 600 tu.

Tumieni kanuni ya Webster ya mwaka 1958, inayokadiria wastani wa muda ambao gari hucheleweshwa na taa. Yakija magari 480 kwa saa, kungojea taa nyekundu huchukua wastani wa sekunde 27, na kwa kuwa magari hayaji kwa mpangilio, huongezeka 12. Punguzeni asilimia 10, kama ilivyozoeleka, zinabaki 35. Tayari makutano yanakula muda kuliko barabara! Yakija 570, zinakuwa 78.

Yakifika 600, kanuni hiyo hugawanya kwa sifuri, na ucheleweshaji huwa hauna mwisho. Lakini foleni halisi haiko hivyo: yakija 660 kwa saa nzima, mwishoni hubaki magari 60, na foleni hiyo inayokua humwongezea kila dereva wastani wa dakika 3. Kwa hiyo tumieni mstari uliopinda unaohama taratibu kutoka kanuni ya Webster kwenda kwenye hesabu ya foleni inayokua, na mtaje urefu wa kipindi, maana saa moja na dakika 15 hazitoi jibu moja.

Ucheleweshaji uwekwe kwa kila mwelekeo, si kwa nodi nzima, yaani makutano yote kwa pamoja: anayekata kona kuvuka magari yanayokuja kutoka mbele hangoji sawa na anayenyoosha. Hapo utafutaji wa njia fupi lazima uende kutoka kipande hadi kipande. Ukienda nodi hadi nodi, gharama ya kona hupotea.

Jihadharini pia na kuhesabu mara mbili. Ikiwa uwezo wa kipande, yaani magari kinayoweza kupitisha kwa saa, mliushusha hadi 600 kwa ajili ya taa, msiongeze tena muda wa taa juu yake.

Na ile 1,800 msiikopi. Simameni kwenye mstari ambapo magari husimama, rukeni magari manne ya kwanza, kisha pimeni muda kati ya gari na gari kwa yanayofuata hadi foleni iishe. Sekunde 2 ni magari 1,800 kwa saa, sekunde 2.4 ni 1,500, na kwa magari yale yale 480 kwa saa, uwezo umeshuka hadi 500.