Ratiba ya Penseli

Mwenyekiti, walimu wangu, na nyinyi vijana mliokatisha mazoezi mkaja kukaa kwenye viti vya plastiki: wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, najua mlikuwa mnajiandaa kuamkia. Nimeombwa nizungumzie upangaji wa ratiba za mashindano. Neno "ratiba" huleta usingizi, hasa kwa watu waliotoka kula pilau. Kwa hiyo naanza na mchezo.

Alhamisi, tarehe 12 Machi 2020, mchana, ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Chuo cha Creighton wanacheza mpira wa kikapu na chuo cha St. John's kwenye mashindano ya Big East, moja ya konferensi, yaani makundi ya vyuo vinavyoshindana vyenyewe kwa vyenyewe. Usiku wa kuamkia siku ile NBA, ligi ya kikapu ya kulipwa, ilikuwa imesimamisha michezo baada ya mchezaji Rudy Gobert kupimwa na kukutwa na virusi vya korona. Asubuhi konferensi nyingine za vyuo zikaanza kufuta mashindano yao, moja baada ya nyingine, simu hazikatiki. Lakini pale Garden mpira ukarushwa. Dakika 20 zikachezwa. St. John's 38, Creighton 35. Timu zikaingia vyumbani kupumzika, na hazikutoka tena. Mpaka leo ule mchezo umekaa hivyo hivyo, nusu. Jioni hiyo hiyo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kikafuta mashindano ya taifa ya wanaume na ya wanawake. Yale ya wanaume, ambayo wenyewe huyaita March Madness, yalikuwa yakichezwa kila mwaka tangu 1939. Vita Kuu ya Pili haikuyasimamisha.

Kufuta ni rahisi. Unasaini karatasi, unalia, unakwenda nyumbani. Kazi ilikuja msimu uliofuata, wa 2020 hadi 2021, pale walipoamua kucheza huku ugonjwa ungalipo. Msimu huo ndio nataka tuutazame, maana nilikuwa huko. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili katika chuo kimoja kidogo katikati ya Marekani, na kibarua changu kilikuwa ofisi ya michezo: kubadilisha ratiba kwenye tovuti, kuagiza basi, kuagiza chakula cha safari. Ukutani tulikuwa na kalenda kubwa ya karatasi. Bosi wangu alipiga marufuku kalamu ya wino. Penseli tu, na kifutio kimefungwa kwa kamba kwenye msumari ili mtu asiondoke nacho. Kufika Januari karatasi ilikuwa imechakaa kwa kufutwa. Kwenye Jumamosi moja ilitoboka kabisa, ukawa unaona ukuta.

Kabla sijaendelea niseme jinsi ratiba za kikapu cha vyuo kule zinavyopangwa, maana wengi hudhani kuna mtu mmoja amekaa ofisini na kompyuta. Hayupo. Sehemu kubwa ya michezo hupangwa na konferensi. Iliyobaki kila chuo hujitafutia kwa simu, kocha kwa kocha, kwa urafiki na kwa mikataba. Na humo ndimo ilimo biashara ambayo haitangazwi sana: chuo kikubwa humlipa chuo kidogo makumi ya maelfu ya dola aje kwake, afungwe kwa pointi 30, apande basi arudi. Chuo kidogo kinajua kitafungwa. Kinakwenda kwa sababu zile pesa ndizo zinazolipa viatu, matibabu, na mishahara ya watu kama mimi. Ratiba, kwa wadogo, ni bajeti. Ukiona timu ndogo inang'ang'ania kusafiri katikati ya ugonjwa, usikimbilie kusema hawajali afya. Uliza kwanza nani anamlipa nani.

Tarehe 16 Septemba 2020 baraza la Daraja la Kwanza la NCAA lilitoa utaratibu. Msimu ulitakiwa kuanza 10 Novemba. Ukasogezwa mpaka 25 Novemba, kwa hesabu kwamba karibu na sikukuu ya Thanksgiving vyuo vingi vingekuwa vimemaliza masomo ya darasani, mabweni matupu, wachezaji wamebaki peke yao. Michezo isizidi 27. Na anayetaka kufikiriwa na kamati ya uteuzi, ile inayochagua timu za mashindano ya taifa, acheze angalau 13. Tazameni umbali huo, 13 mpaka 27. Aliyeandika hivyo alikuwa anakiri kwamba msimu utakuwa kama shamba la mvua za kubahatisha, huyu atavuna gunia, yule debe.

Si wote waliokubali. Ivy League, konferensi ya Harvard na Yale, walifuta michezo yao ya majira ya baridi tarehe 12 Novemba. Rick Pitino, kocha mkongwe aliyekuwa chuo cha Iona, alipendekeza hadharani msimu usogezwe mbele na mashindano ya taifa yachezwe Mei. Hakusikilizwa. Timu yake ikaja kukaa siku 51 bila kucheza, kutoka Desemba mpaka Februari, kisha wakaenda kwenye mashindano ya konferensi yao wakachukua ubingwa. Pitino ni mtu wa mambo mengi na si yote ya kusifiwa, ila kwa lile la Mei mimi nilikuwa upande wake.

Sasa hesabu yenyewe. Timu ina wachezaji kama 15, makocha, daktari, mtu wa vifaa. Wanapimwa mara tatu kwa wiki. Mmoja akikutwa na virusi, wote waliokuwa naye karibu wanaingia karantini, na mwanzoni karantini ilikuwa siku 14. Kikapu ni mchezo wa kushikana jasho. Nani hakuwa naye karibu? Kwa hiyo mmoja akiugua, timu nzima inalala. Kwa michezo miwili kwa wiki, imekufa minne. Lakini haikufa kwako peke yako. Wapo wapinzani wanne ambao wazima wa afya, wamepima, wamekata tiketi, na sasa wana mashimo manne kwenye kalenda. Wanaanza kupigiana simu: wewe uko huru Jumanne? Nawe ukimvuta huyo wa Jumanne, umetoboa ratiba ya mwingine. Mwanzoni mwa Desemba mamlaka ya afya ya Marekani ikaruhusu karantini kupunguzwa hadi siku 10, au 7 kwa aliyepima salama, pumzi zikashuka kidogo.

Tarehe 5 Desemba Gonzaga na Baylor, timu mbili bora nchini wakati ule, walitakiwa kucheza Indianapolis. Wamefika. Televisheni imejiandaa. Kama saa moja na nusu kabla ya mpira kurushwa, mchezo ukafutwa kwa sababu ya maambukizi upande wa Gonzaga. Watu wenye ndege za kukodi na maabara zao wenyewe yaliwakuta hayo. Sisi wa basi la kukodi je?

Sisi yalitukuta siku moja ya Januari. Basi limeshafika, injini inanguruma kwenye theluji, mimi nimeshabeba masanduku 24 ya sandwichi za safari. Daktari akatoka mlangoni, hakusema neno, akatikisa kichwa tu. Dereva akazima injini. Nimewahi kusikia kelele nyingi za viwanja. Ule ukimya wa injini kuzimwa sijausahau.

Wanawake wa Stanford walikuwa na mkasa wa aina nyingine. Mwisho wa Novemba wilaya yao, Santa Clara, California, ilipiga marufuku michezo ya kugusana. Timu ya kocha Tara VanDerveer ikawa ya kuhamahama, wiki kwa wiki hotelini, mechi nyingine za "nyumbani" wakizichezea Santa Cruz. Hata siku alipompita Pat Summitt, kocha aliyekuwa na rekodi ya ushindi mwingi katika kikapu cha wanawake, kwa kushinda mchezo wa 1,099, tarehe 15 Desemba, alikuwa ugenini, ukumbi hauna watu. Aprili wakachukua ubingwa wa taifa kwa pointi moja, 54 kwa 53, dhidi ya Arizona. Waliweza kwa sababu chuo chao kina uwezo wa kulipia hoteli.

Nije sasa kwenye kiini, na hapa naomba waratibu mnisikilize hasa. Ugonjwa unaweza kula michezo, hilo halizuiliki. Ugomvi unaanzia kwenye kuhesabu ile iliyobaki.

Konferensi ya Big Ten ilipanga kila timu icheze michezo 20 ya ndani. Tarehe 23 Januari Chuo Kikuu cha Michigan kilisimamisha michezo yote kwa sababu ya aina mpya ya kirusi iliyotokea Uingereza. Timu ya kikapu haikucheza tena mpaka 14 Februari. Waliporudi walishinda sana, lakini siku hazikutosha kurudia yote. Msimu ukaisha hivi: Michigan ushindi 14, vipigo 3. Illinois ushindi 16, vipigo 4. Bingwa nani?

Naona mikono. Wa upande huu mnasema Illinois, wa kule Michigan. Mmeona? Na hamna hata shabiki mmoja wa Illinois humu.

Konferensi ilitumia asilimia ya ushindi. Kumi na nne kati ya kumi na saba ni asilimia 82.4, kumi na sita kati ya ishirini ni 80. Kombe likaenda Michigan. Mkurugenzi wa michezo wa Illinois, Josh Whitman, akalalamika hadharani. Chukueni penseli. Michigan walibakiwa na michezo mitatu. Wangeicheza, wakashinda miwili na kupoteza mmoja tu, wangekuwa 16 kwa 4, sawasawa na Illinois. Na timu hizo zilikutana mara moja: 2 Machi, nyumbani kwa Michigan, na Illinois, bila nyota wao Ayo Dosunmu, wakashinda 76 kwa 53. Sisemi Michigan waliiba. Walikuwa timu nzuri mno, na hawakuchagua kuugua. Nasema asilimia haiulizi ni nani hukukutana naye.

Chuo cha Colgate ni kisa kidogo zaidi ila kinachekesha. Konferensi yao iliwafungia wacheze na majirani tu, kupunguza safari. Wakamaliza 14 kwa 1, karibu michezo yote dhidi ya vyuo vitatu vile vile. Mfumo wa kompyuta wa NCAA wa kupanga ubora wa timu, usio na habari za ujirani, ukawaweka nafasi ya 9 nchi nzima. Kamati ya uteuzi, ambayo ina macho, ikawapanga namba 14 kati ya 16 kwenye kanda yao. Arkansas wakawafunga 85 kwa 68. Ukimpima mtu kwa wanaomzunguka, na wanaomzunguka nao umewapima kwa yeye, umepima nini?

Linganisha na mashindano ya taifa ya 2021. Timu zote 68 za wanaume zililetwa Indiana na kufungiwa hotelini, kila mmoja awe amepima salama siku 7 mfululizo kabla ya kufika. Na safari hii kanuni ya kuhesabu iliandikwa mapema. Timu nne ziliwekwa akiba. Mtu akijitoa kabla ya Jumanne jioni ya wiki ya kwanza, ya akiba inaingia. Baada ya hapo, aliyeshindwa kuja uwanjani ameaga, mpinzani anasonga mbele. Jumamosi, 20 Machi, saa chache kabla ya kucheza na Oregon, chuo cha VCU wakakutwa na maambukizi kadhaa. Wakaaga. Wale vijana walilia, na mimi nisingewalaumu. Lakini sikumsikia mtu yeyote akibishana kuhusu nani apite. Kati ya michezo 67, ikachezwa 66.

Kuna kijana wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili chake tungekielewa hapa, Oscar Tshiebwe. Msimu ule aliuacha katikati, baada ya michezo 10 na West Virginia, akahamia Kentucky. NCAA ilikuwa imeamua kwamba mwaka ule hautahesabiwa kwenye miaka ya mchezaji kuruhusiwa kucheza chuoni, hivyo hakupoteza kitu. 2022 akawa mchezaji bora wa vyuo nchi nzima. Nimemtaja kwa sababu tu napenda kumtaja.

Basi, maswali. Mwenyekiti ananionyesha saa.

Swali la mwalimu pale mbele: Gonzaga na Baylor walikuja kukutana? Ndiyo, Indianapolis hiyo hiyo, 5 Aprili, fainali. Gonzaga walikuja bila kupoteza hata mchezo mmoja, 31 kwa sifuri. Baylor wakawafunga 86 kwa 70.

Na wewe kijana wa jezi nyekundu? Sandwichi? Haya, nacheka lakini ni swali zuri. Wachezaji waliingizwa karantini kwenye bweni, kila mmoja chumba chake. Nikazipeleka mimi, naweka sanduku mlangoni, nagonga, narudi nyuma hatua nne. Yakabaki mawili. Moja nilimpa dereva. Jingine nililila mwenyewe ngazini, kuku na jibini, mkate umeshaloa.