Siku Tisa Kazini

ZUHURA: Karibu tena, msikilizaji. Mutua, kila mtu hupiga makofi kijana wa mtaani akipata kazi. Leo nataka tuongelee mwezi unaofuata.

MUTUA: Na hapo ndipo wengi hupotea. Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, 15,337 wakiwa hapa Nairobi. Mfuko wa serikali wa kuwarekebisha upo tangu 2003, na kuna waliopelekwa NYS, yaani Huduma ya Vijana kwa Taifa, wakafunzwa ufundi. Sawa. Lakini ukishapewa cheti, ni nani anayekuuliza umeamkaje?

ZUHURA: Nina kijana mmoja, jina lake nalihifadhi. Alipata kazi ya usafi kwenye jengo fulani mjini. Siku tisa hakukosa. Ya kumi hakuonekana. Msimamizi akaniambia, "Chokoraa ni chokoraa tu." Nikamtafuta. Unajua kilichomshinda?

MUTUA: Gundi ya kunusa?

ZUHURA: Nauli! Mshahara ni mwisho wa mwezi. Alipokuwa akiokota chupa na vyuma chakavu, jioni alishika pesa yake mkononi, akala. Sasa ana kazi, na analala njaa. Akaona haya kuomba advansi.

MUTUA: Wallahi, hata mimi ningedhani ni gundi.

ZUHURA: Na kozi nyingine isingemsaidia kitu. Alihitaji mtu wa kwenda kwa msimamizi, kwa idhini yake, aseme: mlipeni kila Ijumaa, angalau miezi miwili ya mwanzo.

MUTUA: Kuna mtindo ulioanzia Marekani, New Hampshire, miaka ya 1990 mwanzoni. Robert Drake na Deborah Becker waliuanzisha kwa watu wenye maradhi makali ya akili, baadaye ukatumika pia kwa waliokosa makazi. Mtu anatafutiwa kazi halisi mapema, bila kungoja miezi ya mafunzo, kisha msaidizi anabaki naye bila tarehe ya mwisho. Na msaidizi mmoja habebi watu wengi, ni 20 hivi.

ZUHURA: Hiyo "bila tarehe ya mwisho" ndiyo wafadhili hawaitaki. Wanatoa miezi sita, wanapiga picha, faili inafungwa. Mimi nimeona mtu akiteleza mwezi wa nane, kodi ilipopanda na marafiki wa zamani wakaijua siku yake ya mshahara.

MUTUA: Na kitambulisho je? Mtu hana cheti cha kuzaliwa, hamjui chifu wa kwao. Hana kitambulisho, hawezi kusajili laini, basi mshahara unaingia kwenye simu ya mwenzake.

ZUHURA: Na mwenzake anakata. Hiyo nimeishuhudia mara nyingi, inaniuma sana.

MUTUA: Yule kijana wa siku tisa yuko wapi?

ZUHURA: Yuko jengo jingine, mwaka na miezi miwili sasa. Analipwa kila wiki. Nampigia Jumapili jioni, dakika tano tu. Kuna Jumapili tunaongea mpira. Juzi aliniuliza mkataba wa nyumba unasomwaje kabla ya kutia sahihi, tukakaa nao saa nzima.

MUTUA: Mwajiri unayetusikia, tutumie ujumbe: unaweza kulipa kila wiki kwa miezi miwili? Kama huwezi, kinachokuzuia ni nini? Tutasoma majibu Alhamisi.