Bolti Iliyoganda Kwenye Injini ya Pikipiki

Ndugu mafundi, na ninyi vijana mnaojifunza kazi, habari za mchana. Leo tunazungumzia bolti inayokataa kutoka, na nianze na jambo tunaloliruka wengi wetu: kabla hujaongeza nguvu, jua kwanza kinachoishika.

Bolti ya chuma iliyomo ndani ya kesi ya alumini haishikwi na ile kutu nyekundu peke yake. Chuma na alumini vikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, na inatoa unga mweupe. Unga huo unataka nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, basi unajibana katikati ya nyuzi za bolti mpaka zinashikana. Kwangua kuzunguka kichwa cha bolti ya kava ya klachi. Ukiona unga mweupe mkavu kama chokaa, hiyo ndiyo kazi iliyoko mbele yako. Nati za ekzosi ni habari nyingine: chuma kwa chuma, kutu nyekundu, na joto la kila siku. Halafu kuna bolti iliyowekwa gundi ya nyuzi. Hiyo haisikii mafuta, inasikia moto tu, na ile gundi kali nyekundu hulegea ikifika karibu nyuzi joto 250.

Hapa Kigoma ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo hatuna taabu ya chumvi ya wenzetu wa pwani. Lakini pikipiki inayobeba magunia ya chumvi kutoka Uvinza iangalie kwa jicho la pwani. Na msimu wa mvua tope linakauka chini ya injini likiwa limefunika vichwa vya bolti, linatunza unyevu wiki nzima. Ondoa tope lote kwa brashi ya waya kwanza. Boksi, yaani spana ya kikombe, likikalia tope halifiki chini, na ndipo kichwa kinapoviringika.

Bolti nyingi za kava ni za milimita 6, na kichwa chake kinashikwa na namba 8, au namba 10 kwenye baadhi ya pikipiki. Tumia boksi la pande sita. Lile la pande kumi na mbili linashika kwenye kona tupu, na kona zenyewe zimeshaliwa. Bolti ya milimita 6 yenye alama ya uimara 8.8 hufungwa kwa nyutonimita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 10 hivi, na inaweza kukatika kuanzia nyutonimita 13. Kwa mkono wa spana wa sentimita 20, hizo 13 ni kama kuvuta kilo 6 na nusu tu. Sasa fikiria spana ya T ikishikwa kwa mikono miwili na kijana mwenye nguvu zake! Bolti hiyo haina nafasi.

Kwa hiyo mkono wako ndio kipimo. Bolti inayoachia hutoa mlio mfupi, tak, halafu inakuwa nyepesi. Bolti inayotaka kukatika hailii. Inakuja polepole, laini, kama inavutika, na ukilegeza spana inarudi kidogo ilikotoka. Ukihisi hivyo, simama hapo hapo. Umebakiwa na robo ya mzunguko, pengine chini ya hapo.

Mafuta ya kupenyeza yanahitaji muda zaidi ya wingi. Ya kopo yanafaa. Ukikosa, changanya mafuta ya gia otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Tikisa kila unapotumia, maana hayakai pamoja, na yaweke mbali kabisa na moto. Tia matone machache, gonga kichwa cha bolti, subiri, rudia. Jioni tia tena, uache hadi asubuhi. Naona mkono kule nyuma, anauliza mafuta ya breki. Yaache: yanababua rangi ya tangi na ya fremu, na hayapenyezi kuliko hayo mengine.

Kugonga ni nusu ya kazi, na watu wanapuuza jambo hilo. Weka panchi butu katikati ya kichwa, piga mapigo matano au sita makavu kwa nyundo ya nusu kilo. Lengo ni kupasua ule unga, si kuvunja kesi, kwa hiyo usigonge bolti iliyo kwenye sikio jembamba la kava. Skrubu za nyota zinataka bisibisi ya kugonga, ile inayozunguka kidogo kila ukiipiga. Bisibisi ya kawaida itapanda juu na kuila ile nyota. Kisha jaribu kukaza kidogo kabla ya kufungua. Ikisogea hata unywele, umeshinda: nenda mbele, rudi nyuma, tia mafuta. Usiitoe kwa mkupuo mmoja, unga unaokokotwa na nyuzi utaigandisha tena katikati ya safari.

Ikikataa, leta moto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, ndiyo maana tunapasha kesi kuzunguka bolti, na bolti yenyewe tunaikwepa. Kwa nati ya ekzosi tunapasha nati. Kabla ya hapo toa tangi na kabureta, mwaga oili, na futa mafuta yote ya kupenyeza. Tochi ndogo ya gesi inatosha. Zungusha mwali, usiuache sehemu moja, dakika mbili tatu. Dondosha tone la maji: likichemka na kuruka papo hapo, jaribu bolti. Msisubiri alumini iwe nyekundu kama chuma! Haibadiliki rangi, inakaa vile vile mpaka inaporomoka. Karibu na sili za oili na koili ya magneti fupisha moto, au vitoe kwanza. Bolti ikiwa bado ya moto, igusishe mshumaa. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya nyuzi, na ni ya bei ya mshumaa.

Imekatika? Pumua. Kama imekatika chini ya kichwa, toa bolti nyingine zote na uvue kava kwa kugonga na nyundo ya mpira, bila kuchokonoa kwa bisibisi. Kipande kitabaki kimesimama, na mkazo wa kichwa umeshaondoka. Pasha kesi, kishike kwa vaisi gripu, koleo linalojifunga, ukizungushe mbele na nyuma.

Kikiwa kifupi, mimi naamini kuchomelea kuliko kitu kingine. Weka nati ya namba kubwa zaidi juu ya kipande, jaza weldi katikati ya tundu. Weldi ya chuma haishiki kwenye alumini, na joto lake linafanya kazi ya tochi. Ondoa nyaya za betri na za CDI, kile kisanduku cha kuwashia cheche, kwanza, na bana waya wa ethi wa mashine ya weldi kwenye kesi karibu kabisa na bolti, umeme usije ukapita kwenye beringi. Acha ipoe kidogo, kisha zungusha. Nati ikibanduka, chomelea nyingine.

Kilichokatika usawa wa kesi kinatobolewa. Weka alama ya panchi katikati hasa, na chukua muda hapo kuliko popote. Biti ya milimita 3, kisha 5, ukifuata mwelekeo wa bolti. Kinachobaki ni ganda jembamba. Likunje kwa ndani kwa kitindo chembamba, kisha safisha nyuzi kwa tepu, kile chombo cha kukatia nyuzi, ya 6 kwa 1. Vile vibisibisi vya kutolea bolti, vyenye nyuzi za kushoto, siviamini kwenye bolti ya 6: ni vigumu na ni vyembamba, kikikatikia ndani biti ya kawaida haikikati, na kazi inakwenda kwa fundi wa mashine. Tundu likiharibika, toboa karibu milimita 6.3 uweke helikoili, ile springi ya waya inayokuwa nyuzi mpya. Gundi ya chuma karibu na ekzosi ni kumchelewesha mteja tu.

Kurudisha: bolti za kava hazilingani urefu, zichomeke kwenye boksi la karatasi ulilolichora umbo la kava. Ndefu ikiingia tundu fupi inafika mwisho kabla ya kukaza kava, na ukilazimisha inakatika. Fupi ikiingia tundu refu inashika nyuzi chache na kuzing'oa. Futa oili ndani ya tundu lisilotokea upande wa pili, kwa sababu oili haisinyai, inaweza kupasua kesi. Paka grisi ya shaba kidogo kwenye stadi za ekzosi, zile bolti zisizo na kichwa, uweke nati mpya, na punguza mkazo kama robo hivi, maana nyuzi zenye grisi hukaza zaidi kwa nguvu ile ile. Baada ya siku ya kwanza barabarani, injini ikiwa baridi, zipitie tena nati hizo za ekzosi.