Ladha ile ile ya mwaka jana

FURAHA: Bwana asifiwe, wapendwa. Tuko Bukavu, mimi Furaha pamoja na Papa Amani. Leo tunaongea juu ya uvuguvugu. Papa, tuanzie Laodikia kama watu wote?

PAPA AMANI: Tupite, lakini tusilale huko. Katika Ufunuo 3:15 Bwana anatamani kanisa la Laodikia, lililo vuguvugu, liwe baridi au moto. Wengi wanahubiri kwamba baridi ni mpagani. Sasa, kwa nini Bwana amtakie mtu upagani? Angalia mahali penyewe. Jirani yao wa kaskazini, Hierapoli, alikuwa na chemchemi za maji moto, watu wakioga humo kutafuta nafuu. Kolosai walikuwa na maji baridi ya kunywa. Laodikia yenyewe ilivuta maji kwa mabomba ya mawe, na mabomba yaliyofukuliwa yameganda chokaa ndani.

FURAHA: Ni kama kuchota maji moto ya Kankule, kule Katana, uyatie kwenye bidoni uyalete hapa mjini, Kadutu. Yakifika hayafai kumkanda mgonjwa, wala hayakati kiu.

PAPA AMANI: Basi hapo. Lakini andiko linaloonyesha ugonjwa unavyoanza ni Yeremia 48:11. Moabu, taifa jirani la Israeli, ametulia juu ya sira zake, yale machicha ya divai yanayotuama chini, tangu ujana, hakumiminwa kutoka chombo hiki kwenda kingine. Kwa hiyo ladha yake imebaki, harufu yake haikubadilika.

FURAHA: Ukisoma haraka utadhani anasifiwa!

PAPA AMANI: Ndiyo hatari yake. Divai ikikaa mno juu ya sira inaharibika. Walikuwa wanaimimina polepole kwenye mtungi mwingine, sira zibaki chini. Wanaotengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, wataelewa, ingawa sisi Waprotestanti tunajifanya hatujui.

FURAHA: (anacheka) Haya, mtu ajipime vipi?

PAPA AMANI: Kwanza ushuhuda. Ule anaousimulia kanisani ni wa mwaka gani? Kama ni ule ule wa wokovu wake wa 2009, na kati ya hapo hakuna kitu, ladha imebaki. Pili, kwa siku tatu aandike alichokiomba, mara tu baada ya kusema amina. Kisha ahesabu: sentensi ngapi ni za kuomba kitu, ngapi za kushukuru, ngapi za kutubu dhambi kwa jina lake. Si «unisamehe makosa yangu yote». Kwa jina: nilimdanganya fulani juu ya bei.

FURAHA: Mtu wa hapa atakuuliza: Papa, uzembe wa kiroho ni wa walioshiba. Kumbukumbu la Torati 8 inasema ukila ukashiba, jihadhari usimsahau Bwana. Sisi tunakesha kwenye maombi kila wiki, shibe iko wapi?

PAPA AMANI: Hoja ina nguvu. Lakini kesha nayo inaweza kuwa sira. Mtu anaomba ulinzi saa sita nzima, asubuhi anamtukana mke wake. Hofu ikipungua, maombi yanapungua kwa kiasi kile kile. Zile hesabu za siku tatu zitamwonyesha.

FURAHA: Na kusoma Biblia? Januari kila mtu ana mpango.

PAPA AMANI: Mpango wenyewe si mbaya. Sura ni 1189. Soma tatu kila siku, Jumapili tano: ni 23 kwa wiki, mwaka unatosha. Linaloharibu ni deni. Mwanzo ina sura 50, Kutoka 40, kwa hiyo mwishoni mwa wiki ya nne unaingia Walawi. Hapo unakosa siku tatu, tayari ni sura tisa. Unataka kuzilipa usiku mmoja, unasinzia, unaacha mwaka mzima. Usilipe. Soma za leo, zilizoruka utazikuta mwaka ujao.

FURAHA: Na aliyepoa kabisa?

PAPA AMANI: Huyo mipango mikubwa inamwaibisha tu. Asome Marko, sura moja kwa siku, siku 16. Na kama ni mhubiri, asichukue hata mstari mmoja wa hapo kuutengenezea mahubiri. Anayefungua Biblia kutafuta chakula cha wengine tu, anakaa jikoni na njaa.

FURAHA: Turudi kwenye kumiminwa. Kwa vitendo ni nini?

PAPA AMANI: Kiongozi wa korali wa miaka kumi aachie mwingine kwa miezi mitatu. Aende kufundisha watoto Jumapili, au kuosha vyombo vya wagonjwa hospitalini, mahali ambapo sauti yake haimsaidii. Atasikia ugumu, atalazimika kuomba tena.

FURAHA: Wengine watasema, basi nahama kanisa.

PAPA AMANI: Anahama na sira zake! Evagrius, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki 399, aliandika juu ya uchovu wa rohoni unaomjia mtawa mchana. Anaangalia jua limefika wapi, anachukia chumba chake, anaota mahali pengine ambapo kumpendeza Mungu ni rahisi. Dawa yake ilikuwa kubaki.

FURAHA: Kubaki peke yake, lakini? Waebrania 3:13 inasema tuonyane kila siku.

PAPA AMANI: Wawili, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Dakika ishirini kwa wiki, hata kwa simu. Maswali matatu: umesoma nini, umetubu nini, nani bado hujamsamehe? Mkifika wanane, mtaanza matangazo na michango.

FURAHA: Na mwenzako akijibu «niko sawa» wiki nne mfululizo?

PAPA AMANI: Muulize tena lile la tatu, halafu unyamaze mpaka aongee.