Sekunde ya Kumi na Saba

Vijana wangu, nashukuru kwa kunialika. Mnasomea kompyuta, na mwakani wengi wenu mtakuwa kazini: kwenye kampuni za simu, kwenye mabenki, kwenye hizi kampuni changa za programu. Kwa hiyo leo nataka tuutazame mstari mmoja tu wa rekodi ndani ya seva, na yaliyompata mtu kwa sababu yake.

Tarehe 20 Aprili 2004, saa 5:32 usiku, sekunde ya 17, kompyuta moja katika ofisi ya gazeti mjini Changsha, jimbo la Hunan nchini China, ilituma barua pepe. Aliyekaa mbele yake ni Shi Tao, mwandishi wa habari. Wakuu wa propaganda walikuwa wameyapa magazeti maelekezo ya kujihadhari kuelekea kumbukumbu ya miaka 15 ya mauaji ya waandamanaji wa Tiananmen, ya Juni 4, 1989. Shi Tao aliandika muhtasari wa maelekezo hayo akautuma New York, bila kutaja jina lake, kwa akaunti ya Yahoo.

Nimeijuaje sekunde hiyo? Imeandikwa ndani ya hukumu. Siku mbili tu baada ya barua ile, idara ya usalama ya Beijing iliiandikia ofisi ya Yahoo pale Beijing ikitaka taarifa za mwenye akaunti. Yahoo ikazitoa. Anwani ya kompyuta, muda, simu ya ofisi ya gazeti, vyote vikafika mezani kwa mahakimu, na hukumu inaitaja kampuni tanzu ya Yahoo kuwa ndiyo chanzo. Novemba Shi Tao akakamatwa. Aprili 2005 akafungwa miaka 10 kwa kutoa siri za nchi. Na hakuwa wa kwanza: Wang Xiaoning alikuwa amefungwa miaka 10 tangu 2003, naye ushahidi wake ulipitia Yahoo.

Kampuni ilijibu kwa maneno mtakayoyasikia maisha yenu yote: tunafuata sheria za nchi tunakofanyia biashara. Tuwatendee haki. Wafanyakazi wa Beijing walikuwa raia wa China, na kukataa kungeweza kuwatupa gerezani wao wenyewe. Hilo silidharau hata kidogo; kijana wa dawatini hakupaswa kubebeshwa mzigo huo. Lakini Februari 2006 mwanasheria mkuu wa Yahoo aliliambia Bunge la Marekani kwamba walipotoa taarifa zile hawakujua uchunguzi unahusu nini. Mwaka uliofuata ombi lenyewe likajulikana, na lilikuwa limetaja wazi tuhuma ya kupeleka siri za nchi nje. Ofisini walijua. Kwa nchi ile, na kwa kipindi kile kabla ya Juni 4, tuhuma hiyo ilikuwa na maana moja tu.

Novemba 2007 bosi wa Yahoo, Jerry Yang, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge. Nyuma yake alikaa Gao Qinsheng, mama yake Shi Tao. Yang aligeuka akamwinamia. Mama yule alilia. Wiki iliyofuata kampuni ikamalizana na familia nje ya mahakama, na Shi Tao akaendelea kukaa gerezani hadi Agosti 2013.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kazi yenu. Watu husema Yahoo ilikosea siku ilipopokea barua ya Beijing. Mimi nasema siku hiyo walikuwa wameshachelewa. Uamuzi ulikuwa umefanyika zamani, siku walipofungua huduma ya barua pepe ndani ya China, wakaweka watu pale na rekodi za wateja mahali ambapo mkono wa idara ile unafika. Baada ya hapo ilibaki kusubiri mlango ugongwe. Januari 2006 Google nayo iliingia China na injini ya kutafutia iliyochujwa, jambo la aibu waliloliacha Machi 2010. Lakini Gmail hawakuipeleka, wala huduma ya blogu. Walisema wazi kwamba hawataki kushika siri za watu ambazo wangelazimishwa kuzitoa. Waliinama upande mmoja. Upande wa pili walikuwa wamejifunza. Februari 2018 Apple ikafanya kinyume: data za iCloud, yaani hifadhi yake ya mtandaoni, za wateja wa China zikahamia kwa kampuni ya jimbo la Guizhou, na funguo za kuzifungulia zikahifadhiwa humohumo China.

Tusiseme haya ni ya Wachina. Vodafone, yenye hisa kubwa katika Vodacom ambayo laini zake zimo mifukoni mwenu, ilizima mtandao Misri Januari 2011 kwa amri ya serikali, kisha ikalazimishwa kuwatumia wateja ujumbe wa kuiunga mkono serikali hiyo.

Na hapa kwetu Tanzania yupo aliyekataa. Maxence Melo wa Jamii Forums, jukwaa la mijadala mtandaoni, alikamatwa Desemba 2016 baada ya kutowapa polisi taarifa za wanachama walioandika kwa ID za bandia. Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilikuwa kama ofisi yake ya pili kwa zaidi ya miaka 3. Aprili 2020 alitiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi: faini ya shilingi milioni 3 au jela mwaka mmoja. Kampuni ndogo, bila ofisi ng'ambo, bila bosi wa kumpigia simu California, ilibeba kile ambacho jitu la mabilioni ya dola lilishindwa kubeba.

Mtakapopewa kazi ya kubuni jedwali la watumiaji, mkubwa wenu atawaambia wekeni kila kitu, huenda kikatufaa. Muulizeni kinafaa kazi gani, kinakaa siku ngapi, kinahifadhiwa nchi gani, na nani anashika ufunguo. Namba ya simu ambayo hamkuiomba hamtaombwa. Rekodi iliyofutwa baada ya siku saba haipo siku ya nane, hata akija nani na barua gani. Sheria ikiwalazimisha kutunza, basi mtunze hicho kilichotajwa na msiongeze kwa hiari yenu.

Nimeona mkono pale nyuma, karibu uulize.